Jina Alilobeba Baba

5 Juni

Dada,

Soma barua hii ukiwa umekaa. Hakuna aliyekufa. Mama ni mzima na bado anagombana na jogoo wa jirani, mke wangu na watoto hawajambo, hofu yetu ni kwako. Nimesema ukae kwa sababu ukiisoma umesimama utadhani nimelewa: mbwa mwitu wamerudi.

Ndiyo, wale wale wa hadithi za Baba. Masikio kama visahani, ngozi kama shuka iliyomwagikiwa chai. Wako sita, wanakaa nyuma ya machimbo ya mawe. Wa kwanza kuwaona alikuwa dereva wa lori la kokoto, tukamcheka. Jumatatu wakashuka malishoni na kuchukua mbuzi wanne wa yule tunayemwita Bucha, kabla hata chai ya asubuhi haijachemka. Juzi wakachukua watatu wengine, na mmoja ni beberu wangu, yule niliyekuwa nikijisifia kwako.

Sasa watu wamemiminika karakanani kwangu. Nilikuwa nachomelea geti, miwani myeusi usoni, simwoni mtu, nasikia sauti tu: “Mtoto wa Sumu! Baba yako alilisafisha bonde hili. Zamu yako imefika.” Dada, nilijiona nimerefuka. Tangu tumzike Baba, huu mwaka wa nne, sijaitwa hivyo kwa sauti ile. Unakumbuka pale kaburini, yule mzee mwenye mkongojo aliposema, “Hapa analala fundi viatu aliyewamaliza mbwa mwitu peke yake”? Umati mzima uliitikia. Mimi nililia siku ile, lakini nililia kifua mbele. Baba alikuwa mtu mgumu. Hata mbwa wa kulinda nyumba alikataa kufuga mpaka anakufa.

Basi ninachokuomba ni hiki. Dawa ile aliyoitumia yeye haiuzwi tena huku. Wewe uko mjini, na mjini hakikosekani kitu. Nitafutie, uifunge vizuri, umpe kondakta wa basi la Jumamosi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu huku simu ya mmoja husikilizwa na kumi, na watu wa idara ya wanyamapori wameshaanza kuzungukazunguka.

Mama anasema shuka ulizomwahidi hazijafika.

Mdogo wako,
Cheche


17 Juni

Mdogo wangu Cheche,

Barua yako nimeipata hapa hapa kazini. Unajua chumba chetu cha kushona: cherehani tano, moja mbovu tangu tuzaliwe, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wagonjwa. Nilipofika kwenye shuka iliyomwagikiwa chai nikacheka kwa sauti, msimamizi akanitazama juu ya miwani yake. Kisha sikucheka tena.

Umenirudisha mbali. Nimekumbuka asubuhi zile, wewe mgongoni kwangu kwa sababu umande ulikuwa baridi na ulipenda kudeka, mbuzi mbele, na Kibiriti mbele ya mbuzi, mkia juu kama bendera. Unamkumbuka Kibiriti? Mbwa mdogo, mwekundu, mwenye kiburi cha ng’ombe dume. Na yule mbuzi mweupe wa Mama aliyekula nguo kwenye kamba. Siku moja alimeza mkono mzima wa shati la Baba, na Baba akalivaa hivyo hivyo, mkono mmoja mrefu na mmoja hakuna, akasema mbuzi amemshonea fasheni. Nikipita mahali pananuka gundi ya viatu, hata leo, nasimama.

Duka la dawa nilikwenda. Wamefunga, wanakarabati. Sijui watafungua lini.

Usifanye lolote kwanza, mdogo wangu. Haraka haraka haina baraka. Mbuzi wafungiwe asubuhi mpaka jua lipande, wale huwinda kukiwa kumepoa. Na uniambie: wana watoto? Kuna yeyote aliyewaona watoto?

Mwambie Mama shuka zipo, nazipinda ncha.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Duka gani linakarabatiwa wiki mbili, wanajenga ghorofa? Na unaniuliza kama mbwa mwitu wana watoto. Umeacha ushonaji umekuwa mkunga? Wanao, ndiyo. Dereva wa lori amewaona. Ndiyo maana lazima tuwahi.

Kulikuwa na mkutano kwenye darasa kubwa la shule. Idara ilimleta msichana mmoja mwembamba, darubini shingoni, watu wakambatiza Binti Darubini kabla hajaketi. Hana ubaya, nasema kweli, lakini ana maneno ya kitabuni. Akasema wanyama hawa waliobaki nchi nzima ni wachache kuliko wanafunzi wa shule ile. Mtu akajibu kutoka nyuma, “Heri!” Akasema tukiimarisha mazizi, mbuzi watapona. Mama wa Kisimani akamwuliza, “Wewe una mbuzi wangapi, mwanangu?” Hana hata mmoja. Akajibu ukweli, ila jibu halikumsaidia.

Kisha akatuchekesha kweli kweli. Eti mara nyingi kinachowamaliza mbwa mwitu si sumu, ni homa ya mbwa, na wanaowaambukiza ni mbwa wetu wa nyumbani! Macho yanachuruzika, wanatafuna hewa kama wana kitu mdomoni, wanayumba, na kundi zima linakwisha ndani ya wiki chache. Kwa hiyo anataka tupeleke mbwa wetu wakachanjwe. Nikasimama nikamwambia, “Binti, mbwa mwitu wa bonde hili waliuawa na homa inayoitwa baba yangu.” Dada, madirisha nusura yatoke. Walipiga madawati mpaka mwalimu mkuu akaja kulinda mali ya shule.

Usihangaike tena na dawa. Bucha ameipata kwingine, na nyama ataitoa yeye. Tumekubaliana tarehe ishirini Julai. Nitakwenda mwenyewe, peke yangu, kama alivyokwenda Baba.

Cheche


6 Julai

Cheche, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chumbani, mlango nimeufunga, na nilipofika pale uliposema wanatafuna hewa, nikaiweka kitandani nikakaa sakafuni. Nimeshona miaka ishirini na sita bila kupinda mshono, na barua hii nimeianza mara tatu. Utanisamehe mwandiko.

Hakuna duka lililofungwa. Sikwenda dukani.

Sasa nisikilize, usinikatize kama ulivyozoea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe mitano. Nyuma ya machimbo palikuwa na shimo la zamani lililochimbwa na mnyama muhanga, na mlangoni pake nikakuta watoto tisa wa mbwa mwitu. Hawakubweka. Walilialia kama vifaranga. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, nikawa naenda kila siku, wewe nikikuacha kwa bibi wa jirani ukilia. Sikumwambia mtu. Palikuwa na mmoja mkubwa, kilema, mguu wa nyuma umekatika. Huyo hakuweza kuwinda, lakini kila wenzake waliporudi walimtapikia nyama kama walivyowatapikia watoto. Hakuna siku waliyomsahau. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona hawa ni watu wema kuliko watu.

Na Kibiriti alikuwa nami. Alikuwa akienda mpaka mlangoni, ananusana na wale watoto, wanavutana masikio.

Kisha wakaanza kuchukua mbuzi. Wakamchukua mweupe wa Mama, nikanyamaza. Asubuhi moja wakaingia kwa Mama wa Kisimani, mjane wa miezi sita, ana mbuzi kumi na mmoja na hana kingine chochote duniani. Walichukua tisa. Nilimwona amekaa chini katikati ya wawili waliobaki, halii, anawahesabu upya kana kwamba hesabu ingebadilika. Nami nilijua wanakolala. Sikusema. Wiki iliyofuata akaenda machimboni kuponda kokoto, na miaka yote niliyokaa nyumbani niliisikia nyundo yake.

Kibiriti akaugua. Macho yakamchuruzika, akawa anatafuna, mdomoni hamna kitu. Wewe uliambiwa amechukuliwa na dereva wa lori, na ukamlaani dereva yule mpaka ulipoanza shule. Hakuchukuliwa. Baba alimzika nyuma ya choo.

Ndipo wazee wakampa Baba nyama ile yenye dawa, kwa kuwa ana mkono mtulivu na hasemi ovyo. Alifuata nyayo zao, na alipofika pangoni akanikuta nimekaa pale. Watoto saba walikuwa wameshakufa. Wawili walikuwa wanayumba, wanatafuna hewa. Yule kilema alikuwa amelala mlangoni, anatutazama tu, hana nguvu ya kukimbia.

Hakunipiga. Aliketi kando yangu, akawasikiliza. Mwisho akasema, “Hawa wanakufa kama Kibiriti.” Akachimba kwa panga, akaifukia nyama, akapanga mawe juu. Njiani ndipo aliposema, na maneno yake ninayo kama yalivyo: “Wakijua kwamba ulilijua pango ukanyamaza, hutakaa hapa kwa amani maisha yako yote. Waache waseme ni mimi. Jina nitalibeba mimi.”

Mizoga ilipoonekana walimbeba Baba mabegani, wakimwita Sumu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinitazama mara moja tu. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja kati yetu, na nilipopata kazi huku mbali nilishukuru Mungu. Wewe ulidhani nimependa mji.

Miaka thelathini na saba nimejiuliza nani alimwambukiza nani. Jibu umeniletea wewe, kwa mzaha. Ni Kibiriti. Ni mimi niliyempeleka.

Najua ninachokunyang’anya. Umelitembelea jina lile kama mkongojo. Lakini Baba hakuchukia mbwa, Cheche. Na ukienda tarehe ishirini “kama alivyokwenda Baba,” basi ujue alikwenda vipi.

Dada yako


2 Agosti

Cheche,

Tarehe ishirini imepita. Mabasi manne yamekuja tangu nikuandikie, kondakta ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Kama umeiweka nyama, niambie. Sitakulaumu, sina uso wa kumlaumu mtu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nilikubeba mgongoni, najua hasira zako: kelele zake sijawahi kuziogopa. Huu ukimya ndio siuwezi.

Dada yako


11 Agosti

Binti yangu,

Ndugu yako amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza sikuyaamini masikio yangu, na masikio yenyewe siku hizi yanasikia nusu.

Kwa hiyo ulijua. Yule mbuzi wangu mweupe, maziwa yakimwagika njiani, nilimlilia wiki nzima, na wewe ukanishika bega ukasema, “Pole, Mama.” Pole! Nikakuona mtoto mwenye huruma, nikakuongezea maandazi.

Kuhusu baba yako, nimelala naye miaka arobaini na saba na hilo hakuniambia. Nitamgombeza mwenyewe nikifika.

Sijakusamehe. Shuka nimezipokea, ncha umezipinda vizuri, lakini kukusamehe bado. Njoo nikugombeze ana kwa ana, maana kwa barua napungukiwa pumzi.

Nimeandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Mama yako aliyekuzaa


9 Septemba

Dada,

Ulitaka hasira kwa maandishi, lakini imechelewa, nyingine imeniishia njiani. Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Niliisomea karakanani, kisha nikaendelea na kazi, nikachomelea bawaba za geti la watu juu chini. Nilijiambia dada ametunga, mji umemharibu. Sikuwa nawafikiria mbwa mwitu hata kidogo. Niliwaza: kumbe mimi ni mtoto wa nani?

Tarehe ishirini nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, na mfuko wa Bucha begani. Nilitaka nikuonyeshe kwamba wewe ni mwongo, ingawa sijui kuua mbwa kungethibitisha nini. Nikafika nyuma ya machimbo, nikatafuta mahali pa kuweka, na kila nilipoona mawe matatu yamekaa karibu karibu nilidhani ni yale ya Baba. Nusu saa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikajikuta nimekaa chini na mfuko magotini. Mkono ulikataa, Dada. Sikuona mnyama wala sikusikia kitu. Ulikataa tu.

Nikaurudisha kwa Bucha. “Ichome hii, mbali na visima.” Akanitazama hivi, akasema mbele za wateja, “Mtoto wa Sumu ameogopa?” Nikamjibu, “Mtoto wa fundi viatu.” Hakunielewa. Nikaondoka.

Kabla ya mkutano wa pili nilikwenda kwa Mama wa Kisimani, kwa sababu sikutaka asikie darasani kama watu wengine. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, pango, wewe, wale mbuzi tisa. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza ungo akauliza, “Alikuwa na miaka mingapi?” Nikasema kumi na miwili. Akasema, “Mimi nilikuwa na ishirini na minne.” Nikamwomba msamaha kwa niaba yako. Akaniambia, “Msamaha hautumwi kwa posta, baba. Aje mwenyewe.” Kisha akanipa chai. Sijui maana ya chai ile. Labda wewe utaijua.

Mkutanoni nikasimama nikasema, “Baba yangu hakuua hata mmoja.” Nikasikia chaki ya mwalimu inaanguka. Yule mzee mwenye mkongojo akapiga kelele, “Mwongo! Unamvua baba yako nguo kaburini!” Nikasema ni Baba aliyejivika nguo za watu, mimi namrudishia zake. Jina lako sikulitaja, Dada. Nilisema tu kwamba Baba aliwakuta wanakufa, akanyamaza kwa sababu zake. Lakini Mama wa Kisimani alikuwa mstari wa mbele na alijua, watu wakamtazama wakitegemea apinge. Akasimama taratibu. “Mimi wale wanyama siwapendi,” akasema. “Sitawapenda. Lakini nilikula mbuzi wa sherehe ya uongo ule, na sitaki kula wa pili.” Akamgeukia Binti Darubini: “Mbuzi wangu akiliwa, wewe utakuja?” Binti akasema atakuja. Akajibiwa, “Tutaona.”

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: mbwa wote wachanjwe, mbuzi wasitoke kabla jua halijapanda, na mimi nitengeneze milango ya chuma ya mazizi. Mvua zikiisha tukutane tena, aliyepoteza na asiyepoteza aseme. Bucha alitoka nje akiubamiza mlango. Wengine wameniondolea salamu. Mzee mwenye mkongojo akinikuta njiani anavuka upande wa pili, na kwa miguu yake ile kuvuka ni kazi. Siku ya chanjo walikuja mbwa kumi na wanane kati ya hamsini na kitu. Si wengi. Wiki ya pili wakaja kumi na mmoja. Mbwa mwitu mmoja amekutwa amekufa kwenye mtego wa waya, hatujui wa nani. Wamebaki watano na watoto wao. Binti anasema mwezi ujao watoto watakuwa na miguu ya kutosha na kundi litahama, hawakai pangoni msimu wote. Kama unakuja, njoo kabla ya hapo. Mama ameshaanza kuyapanga maneno ya kukugombeza, nayasikia akiyafanyia mazoezi jikoni.

Na sasa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Jana asubuhi Binti alinichukua mpaka juu ya machimbo, akanipa darubini. Mmoja alikuwa ameachwa nyuma na wenzake. Akateremsha kichwa mpaka karibu na ardhi, akatoa sauti. Si ile ya vifaranga uliyoniandikia. Ni nyingine, ya chini, laini, kama mtu anapuliza juu ya mdomo wa chupa: huuu… huuu… huuu. Ananyamaza, anasikiliza, anarudia. Binti akaninong’oneza, “Hivyo ndivyo anavyoita aliyepotezana na wenzake.”

Nikamrudishia darubini, kwa sababu nilikuwa sioni tena.

Dada, wewe ulishaondoka, mimi ndiye niliyebaki na Baba kwenye ile kona yake ya viatu. Miaka mingi. Kila mchana kulipotulia, kiatu gotini, kichwa ameinamisha, alikuwa anaitoa sauti ile. Ile ile. Anatoa, ananyamaza kidogo, anatoa tena.

Na mimi miaka yote nilidhani anapuliza gundi ikauke.

Mdogo wako,
Cheche